Pijo la Baba Salma Linavuta Kushoto

Ntalikwa, Tabora

Mama yangu wa Kisarawe,

Shikamoo Mama. Shikamoo hii naiandika nikiwa nimepiga magoti kweli, maana meza ya humu ndani imejaa vyuma vya gari na mahali pa kuandikia palipobaki ni juu ya kigoda. Miguu inasemaje? Na lile jicho linalotoa machozi, dawa ya matone umeitumia au umeifungia sandukuni pamoja na kanga ambazo huzivai? Huku tunapumua. Mjukuu wako Salma hajambo kwa mumewe huko Igalula, na mimba yake inakwenda vizuri. Mimi mwili mzima, roho ndiyo sina cha kusema juu yake.

Asha, mtoto wa kaka, wewe unayemsomea bibi yako barua hii, soma polepole. Usiruke mstari hata bibi akiguna.

Najua Mama utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ipo, na vocha ipo. Lakini wewe na simu hamuelewani mpaka mtu apige kelele, na haya ninayotaka kukueleza siwezi kuyapigia kelele. Mwenyewe, Baba Salma, amekaa hapo kibarazani, na masikio yake hayakuguswa na ugonjwa. Nimeona bora niandike, nimpe jirani anayeshuka Dar kwa treni, amfikishie kaka.

Ulimwambia Asha aniulize tunakuja lini na gari. Mama, hatuji. Nalisema mwanzo kabisa ili usikae unasikiliza barua nzima huku umeshatuma watu wakufagilie uwanja. Hatuji na gari mwaka huu, na sidhani kama tutakuja nalo tena. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana habari ulizopata kwenye simu zilikuwa nzuri na nilizipeleka mimi mwenyewe.

Unaikumbuka ahadi ya mkweo. Kila mara alikuwa akisema babu zake Wanyamwezi walishuka Pwani kwa miguu, mizigo kichwani, wakarudi kwa miguu. Yeye atashuka njia ile ile akiwa amekaa kwenye kiti, na mzigo atakaoubeba kurudi nao Tabora ni mama mkwe. Wewe ungekaa mbele, mimi nyuma na mabegi. Gari lenyewe, hili Pijo, alilikuta Ipole, nyuma ya ghala la tumbaku, limeota majani mpaka ndani, akalikokota nyumbani mimi nikamwambia ameoa mke wa pili na huyo wa pili hana hata meno. Miaka yote hiyo amekuwa akilifufua kidogo kidogo, akitoka gereji kutengeneza magari ya watu anarudi kutengeneza lake. Ilibaki kidogo sana. Ndipo kiharusi kikampiga.

Mguu wa kushoto umerudi, anauburuta lakini unakanyaga. Mdomo umenyooka. Mkono wa kushoto ndio uliobaki umelala. Daktari wa mazoezi alituambia kwamba tuungoje ushike kitu wenyewe, hata kijiko. Ukianza kushika, kuna njia. Usiposhika mpaka mvua za mwaka huu zianze, tujizoeze kuishi nao hivyo hivyo. Baba Salma alilimeza neno hilo kuliko vidonge. Fundi bila mkono ni nini, aliniuliza, nikamwambia ni Mnyamwezi wa kawaida tu. Tulicheka siku hiyo.

Basi asubuhi moja nasikia ananiita kutoka uani. "We mla nazi, acha vyombo, njoo uone." Nikamkuta amekaa ndani ya Pijo, mkono wa kushoto uko juu ya usukani, vidole vimeuzunguka. "Unashika," akasema. Nikaangalia, na kweli vidole vilikuwa vimeuzunguka usukani. Sikuuliza ulifikaje pale. Baadaye nilikuja kuona kwamba huunyanyua kwa mkono wa kulia, akauweka, akavikunja vidole kimoja kimoja kama mtu anayemvalisha mtoto viatu. Lakini siku ile nililia, nikachinja kuku, nikampigia Salma, nikakupigia wewe. Zile ndizo habari nzuri ulizozipata.

Siku hiyo hiyo akataka tulijaribu gari. Gia za Pijo zinataka mkono wa kushoto, kwa hiyo nilikaa pembeni yake na gia nikabadilisha mimi. Yeye anakanyaga klachi, anasema "mbili," mimi napeleka mbili. Mama, tulikwenda. Barabara ya huku kwetu imenyooka, inapita katikati ya mashamba, na watu walisimama na majembe yao kututazama. Nikajisemea moyoni, kumbe tutafika Kisarawe hivi hivi, mtu na mtani wake, mmoja miguu na mmoja gia. Halafu gari likaanza kwenda kushoto, likaingia majanini.

"Linavuta kushoto," akasema. Na alifurahi. Ugonjwa wa mwili wake haujui, lakini ugonjwa wa gari anaujua tangu ujana.

Mjini kuna mashine za kupimia matairi, ungelipeleka likarudi siku hiyo hiyo. Lakini mafundi wa mjini wengi wamepita mikononi mwake, na hakutaka wamwone akishuka garini ameshikwa kwapa. Alisema tutalinyoosha hapa hapa nyumbani kwa kamba, kama alivyofundishwa na fundi wake. Yeye akae kwenye stuli aseme, mimi nifanye.

Nikawa fundi, Mama. Wewe uliyenipeleka unyagoni nikafundwe, ungeniona nimelala chali chini ya gari na mafuta usoni. Kwanza nilisawazisha ardhi kwa jembe, nikapima usawa kwa mpira wa maji kama waashi. Gari likiwa limekaa pale nikalikandamiza mbele mara kadhaa ili springi zitulie. Chini ya matairi ya mbele nikaweka vipande vya bati viwili viwili vyenye grisi katikati, ili magurudumu yageuke bila kubishana na ardhi. Usukani nikaufunga kwa kanga usichezecheze. Halafu nikasimika vigingi, nikavuta kamba pande zote mbili za gari, usawa wa katikati ya magurudumu, kutoka nyuma mpaka mbele. Hapo unachukua rula, unapima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa rimu kwa mbele, kisha ukingo wa rimu kwa nyuma, na tofauti ndiyo inayokuambia gurudumu linatazama wapi. Magurudumu ya mbele yanatakiwa yaangaliane kidogo tu. Yasipoangaliana unaingia chini, unalegeza nati ya tairodi, ile fimbo ya chuma inayosukuma gurudumu, unaizungusha kidogo, unatoka, unalikandamiza gari, unapima upya.

"Usiibane hivyo," ananiambia kutoka juu. "Unakaza nati au unakamua tui?"

"Shuka wewe mwenye kichwa bapa cha kubebea vikapu," namjibu, "uje ukaze."

Hivyo ndivyo tulivyoishi wiki zile, na nakuapia Mama zilikuwa wiki nzuri. Unajua sisi tulianzia kwenye utani. Hukusahau siku ya posa shangazi walivyomtwisha kinu akazunguka nacho nyumba nzima, eti Mnyamwezi hapewi mke mpaka abebe mzigo, na yeye akauliza kama ndani ya kinu kile amekaa mama mkwe maana kizito mno. Mzaramo na Mnyamwezi hawanuniani. Tangu alipougua ulimi wa kutaniana ulikuwa umetukauka, labda neno moja la bahati. Chini ya gari lile ulimi uliturudia.

Kamba zikasema gari limenyooka. Tukaenda barabarani, likaenda kushoto.

Akafikiri, akasema basi si usukani, ni springi ya mbele kushoto imechoka, gari linalalia upande huo. Nikaingia tena chini kwa jeki na mawe. Nikazitoa springi, nikazibadilisha, ya kushoto nikaipeleka kulia na ya kulia kushoto. Kazi hiyo ilinichubua vidole vyote. Kama springi ndiyo mbovu, gari lilipaswa kuhamia kulia. Likaenda kushoto. Akasema ni bushi, zile raba zinazokaa kwenye maungio ya vyuma vya chini. Tukachonga nyingine kutoka kwenye tairi la lori, nikazisindilia kwa nyundo, kamba zikavutwa upya, rula ikapimwa upya. Kushoto. Akasema ni tairi lenyewe, nikayabadilisha matairi. Kushoto.

Furaha ikaanza kumtoka. Chakula akawa anasukuma sahani. Anakaa kwenye stuli analitazama gari lile kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake. "Nimesahau kazi," akaniambia. "Kiharusi kimechukua na akili."

Ndipo nikamwita Mzee Kulwa. Kulwa ni jirani yetu, Mnyamwezi kama Baba Salma, Mmoraviani mwimba kwaya, na zamani aliendesha malori ya tumbaku ya njia ya Sikonge. Akaja asubuhi na salamu yake ya "mwangaluka", Baba Salma akamwomba aliendeshe Pijo kidogo amwambie analionaje. Yeye akabaki kwenye stuli. Mimi nikapanda pamoja na Kulwa.

Tulipofika kwenye barabara iliyonyooka, Kulwa akaachia usukani. Mikono yote miwili akaiweka mapajani. Gari likaenda. Halikwenda kushoto wala kulia, likafuata njia yake kama ng'ombe anayerudi zizini. Akageuza, akaachia tena usukani wakati wa kurudi, likaja limenyooka mpaka karibu na nyumba. Nilielewa hapo hapo.

Baba Salma akasimama. "Enhe, mzee mwenzangu?"

"Linavuta kidogo, fundi," Kulwa akasema. "Kushoto. Kidogo tu."

Baba Salma akaniangalia. "Si nilikuambia?"

Nilimsindikiza Kulwa hadi kwenye ua wake, na huko nikamuuliza kwa nini amesema uongo, yeye mtu wa kanisa.

"Shemeji," akaniambia, "gari lile halina kitu. Ni mkono. Anautundika pale kushoto, hauna nguvu, unakuwa mzigo unaning'inia, unaushusha usukani upande wake. Na yeye hausikii. Ungetaka nimwambie hivyo?"

"Ndiyo."

"Siwezi. Mimi na yeye Wanyamwezi watupu, tumekua pamoja. Neno hilo likitoka kwangu ni tusi, atanifukuza. Likitoka kwako ni utani. Nyie Wazaramo hata msibani mnatucheka, tena maiti iko ndani, na hakuna anayewagombeza. Sema wewe."

"Na nisiposema?"

"Basi utakuwa unafunga kamba mpaka uzeeke. Au siku moja atatoka nalo peke yake, akutane na lori."

Mama, niliondoka pale nimemchukia Kulwa, lakini hoja yake sikuiona dosari. Mtani anapewa ruhusa ya kusema lisilosemeka ili liwe jepesi. Ndivyo nilivyolelewa, wewe mwenyewe nilikuona ukiwachekesha watu waliofiwa mpaka wakala chakula. Nikaona nikilisema kwa ukali litamvunja, nikilisema kwa huruma litamvunja zaidi, lakini nikilisema kwa mdomo wetu ule ule wa chini ya gari, atanitukana, tutacheka, na tukishacheka tutaona la kufanya na mkono.

Kesho yake tukatoka. Akaunyanyua mkono, akauweka juu ya usukani, akavikunja vidole. "Moja," akasema. Nikapeleka moja. "Mbili." Nikapeleka mbili. Hatujafika mbali gari likaanza kuinamia majani.

"Limeanza tena," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Nikamwambia, "We mpagazi. Babu zako walibeba pembe toka huku mpaka Bagamoyo, na hakuna aliyeutua mzigo wake kwenye usukani wa mtu. Toa gunia lako hapo, gari lipumue."

Nikauchukua mkono wake, nikamuwekea mapajani.

Usukani ukarudi katikati wenyewe. Gari likanyooka. Yeye kwa mazoea ya kazi akalegeza mkono wa kulia kidogo, fundi haachi kujaribu, na gari likaendelea kwenda moja kwa moja, tukapita shamba la Kulwa, tukapita kisima. Kisha likazimika, maana alisahau klachi. Tukawa tumesimama katikati ya barabara. Akauchukua ule mkono kwa mkono wake wa kulia, akaurudisha kwenye usukani, akavikunja vidole vizuri, akauachia. Akautazama. Vidole vikafunguka vyenyewe, mkono ukateleza ukaanguka.

"Kumbe haushiki," akasema. "Unaning'inia tu."

Nilikuwa nangoja anitukane. Nilikuwa tayari kwa lolote, nazi, ngoma, uvivu, ukoo wetu mzima hadi wewe. Nilikuwa na jibu mdomoni. Angesema neno moja tu, hata baya, ningemjibu na tungekuwa salama. Alitazama mbele kwenye kioo, akasema, "Turudi nyumbani, Tatu." Alikuwa hajawahi kuniita jina langu tangu anioe.

Hakununa, Mama. Aliyenuna ningemjua, ningemtania zaidi mpaka acheke. Anaongea vizuri, anasalimia watu, anasali kwa wakati. Siku iliyofuata aliniomba nilipandishe gari juu ya mawe na niyatoe matairi yasiozee ardhini. Aliniomba hivyo, kwa neno tafadhali. Nililipandisha mwenyewe kwa jeki, upande mmoja mmoja, na yeye hakuja kutazama kama nimeweka mawe sawa. Kamba nilizikunja. Kulwa aliniuliza uani kwake, "Ulimwambia?" Nikasema nilimwambia. "Akajibuje?" Nikasema hakujibu. Akainamisha kichwa akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajaja tena kusalimia.

Mvua za kwanza zilinyesha juzi. Mazoezi ya mkono ameacha. Nikimkumbusha anasema "sawa," anaunyoosha mara mbili ili mimi niridhike, anauacha. Salma alikuja na mchele, akalia, akaondoka. Nilifikiri nikuombe uje wewe, maana mama mkwe mtani hakuna wa kumshinda, lakini miguu yako naijua na safari ya treni naijua. Na kusema kweli sidhani kama ungeweza kitu. Nimekaa na mtu huyu maisha yangu yote ya utu uzima na sijui niingilie mlango gani.

Pamoja na barua hii napeleka chupa ya asali ya Ipole. Usiigawe yote. Nisalimie kaka, mwambie nashukuru alivyojitolea kutupokea, na lile banda alilotaka kulijengea gari aache, au afugie kuku. Nisalimie wifi yangu mkewe, na huyu Asha mwenye sauti nzuri ya kusoma. Shangazi mkubwa, aliyemtwisha kinu mume wangu, mpe salamu zake peke yake. Akiuliza hali ya mpagazi wake, mwambie anaendelea.

Nilitaka niishie hapo, lakini hili moja sina mwingine wa kumwambia. Jana asubuhi nilimpelekea chai kibarazani. Badala ya sukari nilitia chumvi, kijiko kizima, makusudi. Najua chumvi amekatazwa, lakini nilijua ataitema kwenye funda la kwanza na kuniporomoshea matusi ya Kinyamwezi mpaka majirani watoke. Nikasimama mlangoni nikingoja. Akanywa. Akameza. Akanywa tena. Nilipoona anakwenda funda la tatu nikamkimbilia nikamnyang'anya kikombe. Akanitazama kwa upole, akasema, "Asante sana, Mama Salma. Chai nzuri."

Mimi mwanao,
Tatu